Mashini gani ya kupuliza rangi shelfu za chuma zenye kutu? Nisaidieni haraka

Jakaloleni: Wadau hamjambo. Niko Kisumu hapa, nina shelfu za chuma za duka zimeshikwa na kutu vibaya sana na nataka kuzipaka upya kabla sijafungua Jumamosi. Nimezunguka soko la Kibuye na mjini hadi nimechanganyikiwa, huyu anasema chukua ya kompresa, yule ati ya umeme ya kushika mkononi inatosha, mwingine ananionyesha ile ya presha isiyotumia upepo. Nichukue gani? Na tafadhali msinitume kwa fundi, hii nataka kufanya mwenyewe.

Fundi wa Kondele: Mashini baadaye. Kutu unatoa na nini? Ukipuliza juu ya kutu inayobambuka, rangi nayo itabambuka tu. Piga brashi ya waya, msasa namba 80, futa na thina, halafu redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Hapa kwetu na hii hewa ya ziwa, chuma kikilala uchi usiku mmoja asubuhi unakikuta kimeshaanza rangi ya chai.

Nyanya Pilipili: Vijana wa siku hizi kila mtu anataka kufanya mwenyewe, halafu mafundi wakule nini?

Probox Nyeupe: Mimi usiniulize kuhusu kupuliza. Jirani alikuwa anapuliza geti lake nyeusi mchana, upepo ukageuka, gari langu lilikuwa mita kama kumi hivi. Hadi leo upande mmoja una madoadoa kama kanga. Alinipa soda. Soda!

Fundi wa Kondele: Pole 😂 Sasa Jakaloleni, ile ya presha bila upepo ni ya kuta na mabati, kwa miguu myembamba ya shelfu rangi nusu inapotelea hewani. Kompresa inatoa kazi safi, tundu la milimita 1.4 kwa rangi ya glosi. Ya mkononi inaweza, ila lazima rangi uichuje na uilainishe vizuri, la sivyo inatema matone. Shelfu ni ngapi na ziko wapi?

Jakaloleni: Ziko dukani.

Fundi wa Kondele: Ngapi?

Jakaloleni: Tatu.

Probox Nyeupe: Tatu???

Jakaloleni: Kubwa lakini. Za tabaka tano. Na zimefungwa ukutani kwa hivyo nitapulizia humo ndani, nitafungua mlango. Mama wa chips wa hapo kando amesema hana shida.

Mwalimu Mstaafu: Mama wa chips ana jiko?

Jakaloleni: La makaa. Lakini kuna ukuta kati yetu, ule wa mabati. Na thina nitachanganya na petroli kidogo tu juu bei imepanda.

Fundi wa Kondele: Omera, HAPANA. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni unapita chini ya hayo mabati unamfuata mama hadi kwa makaa. Hata thina peke yake usipulizie humo. Toa shelfu nje. Na kwa shelfu tatu brashi ya inchi mbili inatosha kabisa, lita moja na nusu kila mkono wa rangi, na mkono mmoja unaumaliza kwa mchana.

Jakaloleni: Nimeshalipa dipoziti ya mashini ya mkononi, elfu mbili, na hairudi. Pia baadaye nitapakia watu mageti, ni uwekezaji. Brashi inaacha mistari.

Mchunguzi 254: Subirini. Huyu mwezi jana alikuwa anatafuta nyumba Nakuru, Section 58. Leo ana duka Kisumu? Hawa wauza mashini huanzaga hivi hivi, kesho mtaona akaunti mpya imesema "mimi nilinunua kwa fulani, iko poa sana". Toa picha.

Jakaloleni: Nakuru nyumba zilinishinda bei nikarudi nyumbani, hiyo ni dhambi? Na kamera ya simu ilipasuka.

Mchunguzi 254: Imepasuka 😂😂 kwisha.

Nyanya Pilipili: Mimi nilijua.

Fundi wa Kondele: Ngojeni nimuulize kitu kimoja. Matundu ya miguu yakoje, na hizo bolti unafungua na spana gani?

Jakaloleni: Matundu marefu kama ya kifungo cha shati. Spana namba 10. Jana nimeng'ang'ana na moja hadi kichwa kikakatika kikabaki ndani ya spana, na tabaka la chini nikilisukuma na kidole gumba kikatokea upande wa pili. Unga wa kutu hadi kwa kucha, mke wangu amekataa nikande ugali.

Fundi wa Kondele: Namba 10, ndiyo ya bolti za shelfu hizo. Huyu ako na shelfu.

Mchunguzi 254: Sawa, ako nazo. Lakini dipoziti hata mimi singemrudishia.

Mwalimu Mstaafu: Tabaka lililotoboka halitaki rangi, linataka bati jipya. Usiweke unga wa kilo mbili mbili hapo, utaokota.

Jakaloleni: Sawa. Mbili nimeshazitoa nje sasa hivi, mama wa chips amenishikia upande mmoja. Ya tatu ndio ile ya bolti iliyokatika. Kuna mtu ana grainda karibu?

Fundi wa Kondele: Mia tatu kwa siku. Ulisema tusikutume kwa fundi 😂

Jakaloleni: Naja. Brashi pia unauza?