"Parlent" ni silabi moja au mbili? Wa Kifaransa naombeni msaada

mtoto_wa_makole:
Wakuu habari za jioni. Niko hapa Dom nasoma Kifaransa mwaka wa kwanza chuo, kuna kitu kinanichanganya kwenye kunyambua vitenzi. Zoezi lilisema tugawe silabi, "ils parlent" (wanaongea) nikaandika par-lent, mbili, nikapata vema. Usiku nimeweka audio nasikiliza, jamaa anasema "parl" basi, ile -ent yote haipo, ila "nous parlons" (tunaongea) anatamka mbili vizuri kabisa. Sasa ipi ni ipi? Na kama -ent haisomwi wanaiandika ya nini? Swali la pili, kwa nini appeler (kuita) inakuwa j'appelle na l mbili halafu nous appelons inarudi l moja? Wenzangu wanasema we kariri tu, mi kukariri kitu bila sababu siwezi aisee.

ticha_kondoa:
Dogo zote mbili ziko sawa, inategemea umeulizwa silabi za kuandika au za kutamka. Za kuandika ndo zile za kukata neno mwisho wa mstari: par-lent, fi-nis-sons, ap-pel-le, konsonanti zikiwa pacha unazitenganisha. Ila ch na gn huzigusi, na konsonanti ikifuatwa na r au l nazo mara nyingi zinakaa pamoja, kwa hiyo mar-chons, ga-gnons, mon-trons. Za kutamka sasa ni mambo mengine, pale unahesabu irabu zinazosikika tu. Je parle, tu parles, il parle, ils parlent, zote nne sauti ni moja na silabi ni moja. Parlons na parlez ndo mbili.

Kingine usichanganye silabi na mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana, hapa wengi wanaanguka. Chukua "nilisoma", silabi ni ni-li-so-ma ila mofimu ni ni-li-som-a, yaani mzizi som- unakatwa na silabi na hakuna anayeshangaa. Finissons hivyohivyo, mdomoni fi-ni-sons, kwa muundo ni fin-iss-ons, mzizi, kile kipande cha -iss- cha kundi la pili la vitenzi (vya -ir kama finir), halafu -ons ya nafsi. Sisi nafsi tunaiweka mbele, "nasoma" inajitosheleza, wao wameiweka mkiani na mkia wenyewe hausikiki, ndo maana ukiondoa je, tu, il hapo kwenye parle hujui nani anaongea.

mangi_wa_area_c:
Mi nilikikimbia form two, sijutii 😂

bukavu_dodoma:
Naongezea kwa ticha. Hiyo -ent usiidharau, yenyewe haisikiki lakini inafanya konsonanti inayoitangulia isikike, ni kama mlinzi wa geti, haongei ila ukiona yupo unajua ndani kuna mali. Sikiliza il part, t haipo. Ils partent, t hiyo hapo. Il dort / ils dorment, m imetokea. Il finit / ils finissent, s inafunga silabi ya mwisho, fi-nis. Il prend ina irabu ya puani, ils prennent inaisha na n kavu. Idadi ya silabi haibadiliki lakini umoja na wingi unavisikia. Kwa parler bahati mbaya r na l zipo tangu umoja kwa hiyo hakuna cha kutofautisha, ila kitenzi kikianza na irabu unaokolewa na z, yaani s ya ils inasikika kama z: il arrive ni i-la-riv, ils arrivent ni il-za-riv, ona silabi zinavyovuka mpaka wa neno bila aibu.

Halafu ukikutana na mtu wa kusini mwa Ufaransa, Marseille huko, utasikia par-le mbili kweli, wao e ya mwisho wanaitamka. Na kwenye mashairi yao ya zamani parlent ikifuatwa na konsonanti inahesabiwa mbili, kwa hiyo ticha wako hajaitoa hewani.

ticha_kondoa:
La appeler nililisahau. Kwenye a-pe-lons ile e ya pe ni dhaifu, na inaweza kuwa dhaifu kwa sababu mbele yake kuna silabi nzima, lons. Kwenye j'appelle silabi inayofuata ni e bubu, na Kifaransa hakipendi e dhaifu mbili zifuatane hapo, ya kwanza lazima ipate nguvu iwe è. Kuionyesha kwenye maandishi wana njia mbili, ama wanaongeza konsonanti (appelle, jette) ama wanaweka alama (lève, achète). Sauti ni ileile. Marekebisho ya tahajia ya 1990 yaliruhusu vitenzi vingi vya -eler na -eter vihamie kwenye alama, ila appeler, jeter na jamaa zao wakaachwa na pacha zao.

mtoto_wa_makole:
Duh ahsanteni sana. Kwa hiyo wakati ujao j'appellerai inabaki l mbili hata kama kuna -rai inasikika kabisa?

bukavu_dodoma:
Ndiyo, maana kati ya l na r kuna e dhaifu bado. Kitabuni a-pè-le-rai, mtaani utasikia a-pèl-rai. Nous appellerons nayo l mbili, hapo ndo wanafunzi wengi wanaandika moja kwa kufuata appelons, chunga sana siku ya imla.

mangi_wa_area_c:
Imla tena? Nilikuwa nimeanza kushawishika nirudi