Maji yakiingia usiku tunatokaje? Nina watoto watatu na bibi wa mkongojo

MamaWatatu_Kigogo
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nakaa Kigogo kule chini karibu na mto Msimbazi, nyumba ya kupanga. Mvua zilizopita maji yaliingia ndani saa tisa usiku, baba watoto yuko safari na lori njia ya Tunduma, ndani niko mimi na watoto watatu, mkubwa darasa la tano, na mama mkwe anatembelea mkongojo. Yaani nilichofanya siku ile ni ujinga mtupu, maji yako kwenye vifundo mimi nahangaika na vyeti vya kuzaliwa chini ya godoro, kufika mlangoni ufunguo wa kufuli la geti hauonekani, kumbe uko mfukoni kwa baba watoto, yuko nao Makambako huko! Jirani ndo akavunja kufuli kwa nyundo. Sasa watu wa hali ya hewa, TMA, wametangaza tena mvua kubwa, nijipangeje tukitakiwa kutoka tutoke chap? Na nyie wa "hama bondeni" nawajua, kodi nimeshalipa ya miezi sita.

MzeeWaBondeni
Pole binti yangu. Mimi nilikuwa Jangwani ile Desemba 2011, baadae ndo wengine tukapelekwa Mabwepande. Usiku ule niliona watu wameshatoka salama kabisa halafu wanarudi ndani kufuata tv. Usirudi. Maji yanayokimbia yakifika magotini tu yanambeba mtu mzima, sembuse mtoto.
Kingine, Msimbazi unatokea vilima vya Pugu, kwa hiyo hapo kwenu panaweza kuwa pakavu na mto unajaa, tafuta mtu wa Gongo la Mboto akupigie huko kukinyesha sana. Bahari nayo ikiwa imejaa, maji ya mto hayatoki vizuri pale darajani Selander, yanarudi kwenu. Sisi tulikuwa na jiwe kubwa pembeni ya mto, likifunikwa tu bibi anapelekwa juu kwa ndugu hata kama ni saa kumi jioni na watu wanatucheka. Mgonjwa anatangulia mapema, usiku hutaweza kubeba bibi na mtoto kwa mpigo.

chizi_fresh
Dada hama tu, hayo mengine mbwembwe

MamaWatatu_Kigogo
@chizi_fresh nirushie laki nane nahama leo leo mkuu 😂

NesiMstaafu
Begi lisikusumbue kichwa, chukua ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, haiingizi maji na ikidondoka inaelea. Weka vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki, dawa za bibi (kama ni za presha asikose hata siku moja), tochi, kanga mbili, hela kidogo ya chenji. Vyeti vyote piga picha umtumie baba watoto. Umeme zima meinswichi kabla maji hayajaingia, ukishakuwa umesimama kwenye maji usiiguse, toka hivohivo. Zimamoto ni 114, watoto waikariri.

fundi_mageti
Mi naongelea ufunguo tu maana hapo ndo mlikuwa mnakufa. Chonga wa pili leo, buku mbili tatu hivi, utundike msumarini ndani karibu na mlango ila mbali na dirisha, vibaka wanavua na fimbo. Chini kidogo ili huyo wa darasa la tano aufikie. Halafu zima taa usiku mjaribu kutoka, utashangaa.

MamaWatatu_Kigogo
Asanteni sana, mzee wangu shikamoo. Jana usiku tumejaribu na taa zimezimwa. Mkubwa anamshika mkono mtoto wa kati, mimi mdogo mgongoni kwa kanga na ndoo mkononi, ufunguo huyo mkubwa ndo kaupata kwa kupapasa. Tumetumia dakika sita, nne nzima tunamtafuta wa kati kajificha chini ya meza akidhani tunacheza kombolela. Bibi kakubali kwenda kwa wifi Mabibo mvua ikianza, ila kasema bila redio yake haendi popote, basi nimeshaiweka kwenye ndoo mfuniko ukagoma kufunga, inabidi nitafute ndoo nyingine.

fundi_mageti
Itoe betri kwanza 😂 ile inakula nafasi

MamaWatatu_Kigogo
Imefunga!!