Naomba ushauri: nibaki chumba cha upasuaji au nikafundishe?
Habari zenu ndugu, wakubwa shikamooni. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Moshi, mwaka wa 9 sasa, nina digrii. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani), vipengele 19, inatakiwa isomwe kwa sauti kwa hatua 3: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatolewa. Kwetu mara nyingi tiki zinapigwa zote kwa mkupuo, mgonjwa ameshafika wodini. Matukio hayo nayaandika kwenye daftari (limejaa madoa ya ayodini), natamani yawe utafiti wa masta. Nilimweleza matroni, akacheka. Sasa chuo fulani kinaniita nikafundishe, mshahara pungufu kidogo.

Je, daftari nililoanza bila kibali cha maadili ya utafiti linafaa, au nianze upya? Na masta nisome kwanza, au nikiwa nafundisha?