Naomba ushauri: sheria ya kuwalinda akina dada imegeuka ya kuwafukuza

Ndugu zangu, hasa wanasheria, naomba mnisaidie. Kikundi chetu hapa Mombasa kinaandika maoni ya kupeleka bungeni kuhusu sheria za ukahaba.

Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 153 na 154, inamwadhibu anayeishi kwa mapato ya kahaba. Sawa, wanyonyaji wabanwe. Lakini mwezi jana dada wawili waliopanga chumba kimoja ili walindane usiku walitolewa vyombo nje. Mwenye nyumba aliogopa kushtakiwa kwa kuweka danguro. Nilikuta godoro limeegemezwa ukutani, limelowa chapachapa, mtoto amelala juu ya kanga kibarazani.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 17, tayari inamwadhibu anayemtumikisha mwenzake kwa ukahaba. Sasa je, tuombe kifungu cha 154 kifutwe, au kiandikwe upya kitaje kulazimisha na kunyonya? Wengine wanataka njia ya Uswidi ya 1999, aadhibiwe mnunuzi. Mimi naiogopa: mteja mwenye hofu humvuta dada gizani.

Na ushahidi wa akina dada hawa tuuwasilishe vipi bila majina kujulikana?