Miche ya tungule (nyanya) inaungua kingo za majani, na masika ndiyo haya. Nimekosea wapi?

Mama Uwani (Fuoni), Jumamosi

Assalaam alaykum jamani. Mwaka huu niliapa sinunui tungule gengeni tena, uwa ninao na mikono ninayo. Wiki tatu zilizopita nimetia mbegu za tungule aina ya Tanya kwenye makopo ya maziwa, kila kopo nimelitoboa chini. Mbegu 60, zimeota 40 hivi. Siku za mwanzo furaha tupu, kila alfajiri naenda kuchungulia hata kabla ya chai.

Basi majani ya pili yalipotoka yakaanza kukauka kingoni, rangi ya kahawia, kama yaliyoguswa na pasi. Katikati jani ni bichi, pembeni limekufa. Mche hauanguki, hauozi, umesimama tu hivyo hivyo kama alama ya mpaka. Wiki nzima haujaongeza hata ukucha. Namwagia asubuhi na jioni, maji ya bomba. Makopo yapo chini ya bati la jikoni, jua la asubuhi wanalipata na mvua hainyeshi juu yao.

Mchicha nilioupanda chini, hatua kumi tu kutoka hapo, umetanda mpaka jirani anaomba. Tembele nazo zimeshika. Kwa hiyo mkono wangu si mbaya. Nisaidieni.

Konde Kwetu (Pemba)

Waalaykum salaam. Hicho ni kinyausi, dada. Kitalu kikilowa sana miche hufa. Maji mara moja kwa siku yanatosha, tena asubuhi. Mie mwaka juzi nilipoteza kitalu kizima cha mabiringani kwa kuipenda kupita kiasi.

Huku kwetu mvua imeshakaza. Bamia zipo magotini, mahindi ya kuchoma nimetia mistari mitatu nyuma ya nyumba. Tatizo langu konokono, nitalileta baadaye.

Mgeni wa Bara (Kiembesamaki)

Nyanya zikiungua pembeni ni mbolea ya kuku mbichi. Ni kali ile, inachoma mizizi. Umeweka ya kuku?

Konde Kwetu

Tungule, kaka. Nyanya utazila huko ulikotoka 😄

Mama Uwani

Nashukuruni. Kinyausi nakijua, mche unakonda shingoni pale unapotoka udongoni kisha unalala. Hii yangu shingo nene, imesimama. Na mbolea ni ya ng'ombe, imekaa uwani tangu vuli mpaka haina harufu, ukiishika ni kama udongo. Hiyo hiyo nimetia kwenye mchicha.

Maalim Shamba (mstaafu, Mwera)

Mwanangu, Mama Uwani, kwanza usitie mbolea yoyote, ya chumvichumvi wala ya maji. Watu wakiona mche umedumaa hukimbilia kuulisha, na mgonjwa wa tumbo halishwi pilau. Nijibu mawili. Yaliyoanza kuungua ni majani ya chini au ya juu? Na hayo makopo umeyajaza nini, kila kitu, usifiche.

Mama Uwani

Ya chini ndiyo yaliyoanza, maalim. Nimejaza vumbi la makumbi ya nazi nusu, robo mbolea ya ng'ombe, robo udongo mwekundu wa shamba. Nilisoma kwamba makumbi yanashika maji na mizizi inapita kirahisi. Na kweli ni laini, ukilitia mkono kopo unazama.

Binti Bwejuu

Shoga, makumbi umeyatoa wapi?

Mama Uwani

Kwa shangazi yangu, Jambiani. Anasokota kamba. Yale mabaki yanayobaki wakishapiga usumba alikuwa anayatupa, nikamwambia nitilie gunia mbili. Bure kabisa.

Binti Bwejuu

Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Shoga, umepanda tungule zako baharini!

Kwa wasiojua shughuli zetu za pwani: makumbi ya kamba hayapigwi makavu. Tunayafukia ufukweni, kwenye mchanga unaofunikwa na maji yakijaa, tunayapangia mawe juu yasichukuliwe, yanakaa humo miezi mpaka yalainike na kuoza ile nyama yake. Kisha tunayafukua (harufu yake usiombe, mume anakuhama kitanda) na kuyapiga kwa gogo mpaka nyuzi ziachane. Nyuzi ndiyo usumba. Vumbi linalobaki ndilo ulilochukua wewe, limekunywa maji ya bahari miezi yote hiyo. Bibi yangu alikuwa halitii hata kwenye mchicha.

Chukua ukufi mmoja, loweka kwenye kikombe cha maji matamu usiku mmoja, asubuhi chovya kidole uonje. Utanipa jibu.

Mgeni wa Bara

Kumbe. Mimi nilidhani makumbi ni makumbi tu.

Maalim Shamba

Binti Bwejuu amemaliza, kazi yangu ni kufagia tu.

Chumvi ikizidi udongoni mizizi inashindwa kunywa hata kama kopo limelowa. Ndiyo maana mche wako unaonekana una kiu huku unaumwagia mara mbili. Na ile chumvi kidogo inayopanda na maji inakwenda kukusanyika ncha na kingo za majani, hasa ya zamani, kwa sababu ndiyo yaliyokunywa muda mrefu. Hapo panaungua. Mchicha wako wa chini haukuguswa kwa kuwa haukuonja makumbi.

Sasa hivi una bahati moja ambayo ungekuwa kiangazi usingekuwa nayo. Mvua. Yatoe makopo chini ya bati, lakini usiyaweke palipo wazi kabisa, mvua za masika zina matone mazito na miche hiyo haina nguvu. Tafuta kivuli chepesi, au funika kwa makuti yaliyoachana. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, mwagia kila kopo polepole mpaka yatoke chini kwa wingi, ngoja yamalizike, rudia mara tatu siku hiyo. Usiliache kopo likae kwenye sahani yenye maji yaliyotoka, litayanywa tena. Yatakayotoka mwanzo yatakuwa ya rangi ya chai.

Vumbi lililobaki kwenye gunia usilitumie hivyo. Litandaze kwenye zege au mkeka wa plastiki, linyeshewe wiki mbili au tatu, ligeuze, kisha onja tena.

La mwisho, hukuliuliza lakini nitalisema. Tungule za ardhini si za masika. Ukiatika sasa hivi chini, ukungu utakula majani, na zitakazozaa zitapasuka. Bakisha michache kwenye ndoo chini ya paa, hiyo ya kula nyumbani. Kitalu kikubwa tia mwezi wa tano, atika mwezi wa sita mvua zikipungua na baridi ya kipupwe ikianza, mwezi wa nane unavuna. Masika yaachie bamia, tembele, mihogo na maboga.

Konde Kwetu

Nimejifunza, na kinyausi changu nakirudisha mfukoni. Maalim, na konokono? Hawa wakubwa wa gamba la kahawia. Nimezungushia majivu, usiku mmoja walikaa mbali, mvua ikanyesha, asubuhi bamia nne hazina majani.

Maalim Shamba

Majivu yakilowa ni uji tu, hayamzuii mtu. Tochi na ndoo, baada ya Isha, siku tano mfululizo. Laza kipande cha gunia bichi au ganda la papai kando ya tuta jioni, asubuhi wamejificha chini yake wenyewe. Vaa mifuko mikononi, usiwashike mikono mitupu. Na fyeka majani yaliyo pembezoni, hapo ndipo wanapolala mchana.

Mama Uwani, Jumatatu

Nimeonja. Wallahi kama maji ya kupikia muhogo. Mume wangu naye akaonja akasema hayana kitu, halafu akaenda kunywa maji bilauri mbili.

Jana imenyesha kutoka adhuhuri mpaka magharibi, nimekinga mapipa mawili. Nimefanya kama maalim alivyosema. Mara ya kwanza yametoka meusi ya chai ya rangi, ya tatu yamekuwa maangavu. Shangazi nimempigia simu, ananiuliza kwani wewe hujui makumbi yanakaa wapi, si ulikuwa unayachezea ulipokuja likizo ya skuli. Sikuwa na la kujibu.

Mama Uwani, baada ya siku kumi

Hesabu: katika 40, 23 imekufa. Iliyobaki 17, na kumi na moja kati ya hiyo imetoa jani jipya, bichi mpaka ukingoni. Sita sina hakika nayo, naiangalia tu. Majani ya zamani yaliyoungua hayajapona, maalim yanapona?

Maalim Shamba

Hayaponi. Yaache mpaka yaanguke yenyewe, tazama mapya. Wiki hii ndiyo unaweza kuwapa mbolea kidogo, maana maji yote yale yameosha chumvi na chakula pia. Loweka samadi, chuja, punguza makali kwa maji mpaka iwe rangi ya chai nyepesi.

Mama Uwani

Inshaallah. Kumi na moja natia ndoo za rangi, ukumbini pembeni. Mwezi wa tano naanza tena kitalu, bila makumbi. Ila gunia moja zima bado ninalo, nafasi ya kulitandaza sina, na uwa wote unanuka Jambiani.

Binti Bwejuu

Lizungushe kwenye mnazi. Mnazi hauogopi chumvi.

Mama Uwani

Mnazi ulio karibu ni wa jirani, yule anayeomba mchicha.

Binti Bwejuu

Basi mpelekee mchicha na gunia pamoja. Mchicha utangulie.