Naomba ushauri: fidla au endingidi kwenye kumbukumbu ya baba?

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tunafanya kumbukumbu ya baba hapa Jinja. Binamu yangu mpiga fidla anataka kupiga ule muziki wa filamu ya Schindler's List (1993), wa John Williams, aliopiga Itzhak Perlman. Juzi akifanya mazoezi, alipovuta uzi wa juu polepole, shangazi aliacha kumenya matoke akatoka nje. Hapo ndipo ninapokwama. Filamu ile inahusu mauaji ya Wayahudi. Kuuleta muziki wake kwa baba ni sawa kweli? Mjomba anataka endingidi, ile fidla ya jadi ya huku Uganda yenye uzi mmoja tu, na baba aliipenda. Mie naegemea huko, ila wageni wasije wakadhani ni harusi! Mpigaji hodari anaweza kuitoa huzuni? Na ipigwe kabla ya sala au baada?