Softiboli ya wanawake ya vyuo Marekani: mtazamaji mgeni aangalie nini?

Kidawa_Dom
Wadau wa michezo, habari zenu. Naomba darasa la softiboli ya wanawake ya vyuo vikuu vya Marekani. Misingi ninayo: inningi 7 (vipindi, kila timu inapata zamu ya kupiga), wachezaji 9 uwanjani, straiki 3 (mirusho mizuri ambayo mpigaji kaikosa au kaiacha) mpigaji ametoka, auti 3 (wachezaji watatu wametolewa) timu zinabadilishana. Kinachonipita ni utamu wenyewe. Mrushaji anazungusha mkono, mpira unadakwa, uwanja mzima unashangilia, na mimi sijaona kilichotokea. Halafu kuna wapigaji wanaoanza kukimbia kabla hawajaugusa mpira, inaruhusiwa? Na mrushaji anatolewa, baada ya muda yuko tena kazini. Macho niyaweke wapi?

Fundi_wa_Duara
Dada Kidawa, acha kuukimbiza mpira kwa macho, utachelewa kila mara. Kutoka kibao cha mrushaji hadi pleti (kibao cha chini anaposimama mpigaji) ni futi 43, yaani mita 13.1. Warushaji wakali wa vyuo wanafikisha kilomita 105 hadi 113 kwa saa, kwa hiyo mpira unafika kwa takriban sekunde 0.4, tena pungufu, maana mrushaji anauachia akiwa ameshapiga hatua ndefu mbele. Mpigaji anaamua mpira ukiwa bado njiani, mbali naye. Angalia glovu ya mdakaji kabla ya mrusho, kisha magoti ya mpigaji.

Glovu inakuonyesha mpira ulitakiwa uende wapi. Mdakaji akiiweka pembe ya nje chini na mpira ukaingia humo bila yeye kuusogeza mkono, mrushaji yuko vizuri. Akilazimika kuvuka mwili kuufuata, kuna tatizo hata kama mwamuzi kaita straiki.

Mirusho ya kuijua kwanza ni mitatu. Mpira wa kupanda unatoka karibu na paja, kiganja kinapita chini ya mpira na kuuzungusha kinyumenyume. Mpigaji anauona uko kiunoni, unapita kifuani, naye anapiga hewa chini yake. Ndio mrusho wenye hatari kubwa kwa mwenyewe: kiganja kikigeuka pembeni badala ya kupita chini, mpira unazunguka kama risasi, haupandi, unakaa pale pale kiunoni. Hapo ndipo hom rani nyingi (mapigo yanayovuka uzio wa uwanja) zinazaliwa. Mpira wa kuzama unazunguka kwenda mbele. Mpigaji anaugusa sehemu ya juu, unaburuzika chini, walinzi wanaumaliza. Ukiachiwa mapema mno unagonga udongo mbele ya pleti, unamkimbia mdakaji, na aliyekuwa besi ya 2 (besi ni vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia kwa mpangilio) anajipatia ya 3 bure.

Wa tatu ni mpira wa polepole, na kwangu huu ndio wa kifundi kuliko yote. Mkono unazunguka kwa kasi ile ile, ila mpira unatoka mgongo wa kiganja ukitangulia, na kasi inashuka kilomita 25 hivi au zaidi. Hapa magoti yanasema: goti la mbele la mpigaji linalegea, uzito wote umeshahamia mguu wa mbele, bati limeshapita, mpira bado haujafika. Hiyo ndiyo shangwe unayoisikia. Mrushaji akipunguza kasi ya mkono tu, siri imetoka na wapigaji wa ngazi hii hawamwachi.

Besi_ya_Tatu
Naongezea kwenye hao wanaokimbia. Inaruhusiwa, na ni ufundi wa kusomewa. Mpigaji huyo anasimama upande wa mkono wa kushoto, ulio karibu zaidi na besi ya 1, nyuma kidogo ya boksi (eneo la mpigaji lililochorwa mistari). Mpira unapoachiwa, mguu wa kushoto unavuka mbele ya wa kulia, na bati linaugusa mpira mwili ukiwa tayari unaelekea besi. Besi iko futi 60 tu, mita 18.3, wenye mbio wanafika chini ya sekunde 3. Mpira ukidunda mara mbili kuelekea mlinzi aliye kati ya besi ya 2 na ya 3, mlinzi huyo hana muda wa kudaka, kujiweka sawa na kurusha.

Kosa lao kubwa: mguu kukanyaga chini nje kabisa ya mstari wa boksi, au kugusa pleti, wakati bati linagusa mpira. Hiyo ni auti moja kwa moja, hata pigo liwe zuri kiasi gani.

Kabla ya mrusho, waangalie walinzi. Wa besi ya 1 na ya 3 wanasogea mbele, na wa nje nao wanakaribia. Mpigaji anayejua kusoma akiwaona hivyo anaacha kugusa taratibu, anapiga kwa nguvu kupita katikati yao.

Kitu kingine: aliyeko besi haruhusiwi kuiacha mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Akiwahi, katoka.

Mzee_wa_Ratiba
Mrushaji kurudi: mchezaji aliyeanza anaweza kutolewa na kurudi mara moja, katika nafasi yake ile ile ya zamu ya kupiga. Timu ikiongoza kwa mikimbio (pointi) 8 baada ya inningi 5, mchezo unaisha. Usidhani matangazo yamekatika.

Msimu unaanza Februari. Mwezi Mei timu 64 zinagawanywa makundi 16, na zinazobaki 8 zinakwenda Oklahoma City mwisho wa Mei. Pale timu inatoka ikipoteza michezo miwili, kisha fainali ni mshindi wa michezo miwili kati ya mitatu. Chuo Kikuu cha Oklahoma walibeba kombe miaka minne mfululizo, 2021 hadi 2024, chini ya kocha Patty Gasso. Kipindi hicho sisi tuko mbele yao kwa saa 8: mchezo wa saa 1 jioni yao kwetu ni saa 9 usiku.

Kidawa_Dom
Asanteni sana. Je, kuna dalili za kuona mrushaji anachoka kabla kocha hajamtoa?

Fundi_wa_Duara
Zipo. Kwenye mashindano haya mrushaji mmoja anaweza kubebeshwa michezo siku baada ya siku. Fainali ya 2025 mrushaji NiJaree Canady wa chuo cha Texas Tech alikuwa ameibeba timu mabegani. Mchezo wa 3 akaruhusu mikimbio 5 inningi ya 1, akatolewa, wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Texas, wakashinda 10–4.

Fuatilia mipira inayopigwa nje ya mistari. Mpigaji wa mkono wa kulia akichelewa, mpira unatoka upande wa besi ya 1. Mapema kwenye mchezo utaona mingi inakwenda huko. Wapigaji wakikutana naye mara ya pili na ya tatu, mipira ile inaanza kurudi nyuma moja kwa moja kwenye wavu, maana yake muda wameupata na wamekosea kimo tu. Ikianza kutoka upande wa besi ya 3, kwa nguvu, na mpira wake wa kupanda umeshuka kiunoni, angalia pembeni ya uwanja: utakuta mrushaji mwingine anapasha mwili.